Hajambo, Tunashukuru

Mimi mtu akinichekea sana, kwanza naangalia mkoba wangu uko wapi. Ndivyo nilivyo, na kazi yangu imenizidishia. Fundi cherehani anadanganywa kila siku: kitambaa kinaletwa pungufu halafu unaambiwa umekipunja wewe, kiuno cha mtu kinanenepa halafu unaambiwa ulikosea vipimo. Kwa hiyo yule mama wa dirishani pale kliniki, tuliyembandika jina la Miwani kwa sababu alikuwa na miwani moja machoni na nyingine kichwani, aliponichekea na kusema, "Msijali, mtapigiwa simu," nilijua hapa pana jambo.

"Lini?" nikamuuliza.

"Zamu yenu ikifika."

"Na zamu inafikaje?"

"Inafika tu, mama," akasema, akamwita anayefuata.

Tulikuwa tumempeleka mtoto wa kaka yangu. Kliniki ile ina daktari mmoja tu wa akili za watoto, na huyo mmoja anakuja Jumatano peke yake, maana siku nyingine anahudumia miji mingine. Siku ya kwanza muuguzi alimtazama mtoto, akamuuliza maswali mawili matatu, akachukua namba ya simu ya mama yake, akasema ameingia kwenye foleni. Shule zilikuwa ndiyo kwanza zimefunguliwa. Tukasubiri mpaka muhula ukaisha, ukaja wa pili nao ukaanza kuzeeka, na kila nilipokwenda dirishani Miwani alinipiga kalenda kwa maneno yaleyale na meno yaleyale.

Mtoto tunamwita Kasuku. Hilo jina alilipata kwa haki. Alikuwa akianza kuongea asubuhi, mtu unakwenda sokoni na kurudi unamkuta hadithi ni ileile na bado haijafika mwisho. Nakaa kwa kaka yangu, chumba cha mbele ndicho chumba changu cha kushonea, na mtoto amekulia miguuni mwangu akiokota vifungo. Kaka mwenyewe ni dereva wa lori, leo yupo, kesho yuko barabarani. Malezi ni ya mama yake na mimi, na adabu ni yangu.

Salamu, kwa mfano, nilimfundisha mimi. Alipokuwa na miaka mitano tulipata wageni wa heshima, mmoja akamwambia, "Hujambo, mwanangu?" Kasuku akamjibu, "Tumbo linaniuma na jana nilikojoa kitandani." Wageni walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikucheka. Walipoondoka nilimsimamisha mbele ya cherehani nikamwambia ukiulizwa hujambo jibu ni moja tu, sijambo, hayo mengine yanasubiri. Nikamuuliza, akajibu sijambo. "Ndiyo hivyo hivyo," nikamwambia. "Tena." Tukarudia mpaka ikamkaa. Baada ya hapo watu wazima walikuwa wanamsimamisha njiani kwa makusudi ili wamsikie anavyojibu, na mimi nikavimba kichwa.

Sasa Kasuku huyo ndiye aliyenyamaza. Hakunyamaza kwa siku moja, alipungua kidogo kidogo kama sabuni. Kwanza hadithi zikawa fupi, halafu chakula kikaanza kubaki kwenye sahani, halafu shule akawa hafiki, anakutwa ameketi kwenye ngazi za duka lililofungwa. Akaanza kujing'oa nyusi, unywele mmoja mmoja, bila hata kukunja uso. Mwisho akajichagulia mahali nyuma ya cherehani yangu, kati ya ukuta na majora ya vitambaa, na hapo ndipo anaposhinda. Sketi yake ya shule nimeipunguza kiuno, nikaipunguza tena.

Nilimshuku mwalimu wake, nikaenda shuleni nikamkazia macho mpaka akaanza kutokwa na jasho. Nikamshuku mwuza duka, dereva wa basi la shule, na binamu yake mmoja ambaye macho yake sijawahi kuyapenda. Hakuna nilichokipata. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyempiga. Mimi ugonjwa usiokuwa na mwenyewe hunipa taabu sana.

Siku moja akamwambia mama yake kwamba anatamani alale na kusikuche. Alisema polepole, kama mtoto anayeomba maji. Mama yake alikuja kuniambia akiwa ameshika fremu ya mlango. Tangu siku hiyo mikasi yangu yote nafungia kabatini na ufunguo nauvaa shingoni, na nikiwa nakata kitambaa nahesabu mkasi uko wapi kuliko ninavyohesabu sentimita. Tulirudi kliniki kesho yake tukakuta nesi mwingine, hata hatujaeleza akasema tumeshasajiliwa, tusubiri simu.

Halafu mtoto wa Mama Mapacha akaingia kwa daktari.

Mama Mapacha anakaa mtaa wetu, nyumba ya pembeni. Mmoja wa mapacha wake alikuwa anapiga kelele usingizini na kujificha kabatini mchana. Sikatai, mtoto alikuwa anaumwa. Lakini walijiandikisha kliniki nyuma yetu, nyuma kabisa, na Jumatano moja nikawaona wanarudi, mama kabeba mkoba, mtoto anakula andazi, na yule mama ananiambia kwa sauti ya mtaa mzima kwamba daktari ni mtu mzuri sana, amekaa naye chini sakafuni wakachora.

Machale yakanicheza. Nikamwambia wifi yangu, mama yake Kasuku, "Yule ametoa kitu kidogo."

"Atoe nini, wifi? Hata taa yake ameazima."

"Basi ana ndugu pale."

Wifi ni mtu wa mdomo mzito. Alichukua beseni la nguo akatoka uani. Hilo nalo nililiweka akilini, kwamba tunapozungumza habari za kliniki yeye hutoka.

Nikamfuata Mama Mapacha dukani. Huyu ni mwanamke ambaye mtaa wote unamkimbia kwa kukosa salamu. Ukimuuliza habari za asubuhi anakuanzia magoti, anapanda mgongo, anamalizia na mwenye nyumba wake. Hajui kusema nzuri. Nikamuuliza kwa upole, upole wangu ule wa kuchunguza, walipataje zamu upesi.

"Si walinipigia simu," akasema. "Wanapiga kila mwezi kuuliza hali. Nikawaambia tunakufa huku. Yule binti hata hakumaliza kujitaja nikamwambia mwanangu halali, mimi silali, na ukuta unavuja."

"Wanapiga kila mwezi?"

"Kwani nyinyi hawawapigii?"

Nikasimama pale dukani na sukari yangu mkononi. Namba tuliyoiacha kliniki ni ya wifi. Simu ya wifi inalia, naisikia kila siku. Na wifi hajawahi kuniambia hata mara moja kwamba kliniki imepiga.

Kuanzia hapo nikamweka wifi chini ya ulinzi. Sioni haya kusema. Nilikumbuka mambo. Nilikumbuka alivyoinamisha kichwa siku ya kwanza tuliposimama kwenye mlango wenye maandishi ya afya ya akili, akajifunika mtandio mpaka puani. Nilikumbuka alivyowaambia ndugu zake kwamba mtoto ana malaria inayomrudia. Nikajijibu mwenyewe: huyu anaona aibu, huyu anataka mtoto asiende, watu wasije kusema binti yake ana wazimu. Nilikuwa nashona huku namtazama kupitia kioo cha kabati, na yeye akaanza kuniuliza kama nina homa.

Haikuchukua muda. Alasiri moja simu yake ikalia. Akaitazama namba, akanitupia jicho, akatoka uani mbiombio. Nikavua kandambili. Nikajibanza nyuma ya shuka zilizoanikwa, maji yakanichuruzikia shingoni, nikatega sikio.

"Haloo," anasema wifi. "Salama, za kwenu? ... Ndiyo, ni mimi mama yake ... Hajambo, anaendelea vizuri, tunashukuru."

Kisha akabaki mdomo wazi, simu sikioni. "Haloo?" akasema. "Haloo?"

Nikatoka kwenye shuka. Masikini aliruka.

"Nani huyo?"

"Kliniki."

"Umewaambia nini?"

"Nimewasalimia."

"Umewaambia mtoto hajambo, wifi. Nimekusikia kwa masikio yangu. Mtoto hajala tangu jana, wewe unawaambia hajambo."

"Sasa ningesemaje?" akasema. "Mtu anakujulia hali, unamrukia na matatizo hamjasalimiana? Nilikuwa ndiyo naelekea huko. Akasema haya asante mama, siku njema, akakata."

"Na mwezi uliopita?"

"Vilevile. Wanasalimia, wanakata. Nikajua wanatujulia hali tu, ikifika zamu watapiga ya zamu."

"Na kwa nini unakimbilia uani?"

"Kwa sababu wewe ukiwa karibu unaninyang'anya simu."

Hilo lilikuwa kweli, lakini hasira ilikuwa imenipanda na hasira yangu haishuki kwa ukweli. Nikamwambia maneno ambayo wifi haambiwi. Nikamwambia anamwonea haya mtoto wake, na kwamba anatamani afutwe kwenye foleni ili yeye apate kutembea kichwa juu. Aliokota pini moja ya nguo iliyoanguka, akaifuta matope, akaiweka kwenye kopo.

"Unamshuku kila mtu," akasema mwishowe. "Nenda kaulize."

Asubuhi nilikwenda. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba. Nilitaka nianze na Mama Mapacha, nimalizie na mkubwa wao wa kazi, na katikati nimwambie Miwani kwamba tabasamu halitibu mtoto. Nilipofika dirishani nilikuwa nimeshaiva.

"Karibu, mama," akasema Miwani. "Za siku nyingi?"

"Nzuri."

"Na mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, tunashukuru," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Ulimi uliteleza nao, kama mguu unaoijua ngazi ya nyumbani gizani. Miwani akasema, "Haya, vizuri," akanyoosha shingo kumtafuta anayefuata, na mimi nikashika ukingo wa lile dirisha kwa mikono miwili.

"Ngoja," nikasema. "Si vizuri. Mtoto anaumwa sana."

Miwani akashusha ile miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile nyingine. "Mama, umeniambia vizuri sasa hivi."

"Nilikuwa nakusalimia."

Tukatazamana. Nadhani wote wawili tulisikia kitu kimoja kwa wakati mmoja, maana hakucheka tena. Akaniuliza jina la mtoto, akabonyeza kompyuta yake, akasoma. Halafu akanieleza, kwa sauti ya chini. Chumba cha nyuma kuna binti aliyevaa visikizio anayewapigia wazazi wote walio kwenye foleni, na ni wengi kuliko siku. Anauliza mtoto anaendeleaje, anasikia jibu, anabonyeza neno moja kati ya matatu: vizuri, vilevile, vibaya. Aliye vibaya anapanda juu. Aliye vizuri anashuka awapishe wenzake.

"Nyinyi kila mwezi ni vizuri," akasema. "Mko chini kabisa, mama. Mmekuwa mkishuka."

Nikageuka nikatazama benchi. Wazazi walikuwa wamejipanga na watoto wao, mmoja mtoto kalala mapajani, mwingine kamshika wake mkono kwa nguvu kama anayevuka barabara. Mwanamume mmoja akaingia, akawaambia habari zenu, nao wakamjibu nzuri, benchi zima, kwa pamoja.

"Basi badilisha," nikamwambia Miwani.

"Hapa dirishani siruhusiwi. Zamani tuliruhusiwa. Watu wakawa wanakuja kulia ili wapandishwe, wengine machozi ya mate. Ikaamuliwa jibu litoke kwenye simu tu, maana simu inamkuta mtu hajajiandaa."

"Kwa hiyo mnatushuku."

"Na wewe, mama," akasema Miwani, "hujanishuku mimi?"

Nikajikuta nimeubana mkoba wangu kwapani. Miwani akasema jioni, kabla hajafunga, atapiga mwenyewe. Akaniomba kitu kimoja: atakayepokea aseme ukweli kwenye neno la kwanza.

Nikarudi nyumbani nikamkuta wifi anakunja nguo. Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama, na alipoendelea kukunja nikakaa chini nikamwomba tena. Akasema yamekwisha. Halafu tukaanza mazoezi. Mimi nikawa Miwani, yeye yeye. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje, akajibu hajambo. Nikamuuliza tena, akajibu hajambo, ila. Nikamwambia hakuna ila, ila haifiki, simu inakatwa kabla ya ila. Tukacheka kidogo, kicheko kile cha matanga. Akajaribu tena, akasema, "Anaendelea vi," akashindwa kumalizia, akajifunika uso na shati la kaka yangu.

"Si adabu tu, wifi," akasema ndani ya lile shati. "Nikimtamka mwanangu kwa kinywa changu kwamba hali yake ni mbaya, nikawa nimesema mimi, mama yake, si ndiyo itakuwa imekuwa?"

Nyuma ya cherehani hakukusikika kitu. Tulikuwa tumeshazoea kuongea kana kwamba pale pana jora jingine la kitambaa.

Simu ikalia jua likiwa bado dirishani. Nikabonyeza kipaza sauti, nikaiweka mezani juu ya vipande vya sare.

"Haloo, kliniki hapa. Habari za jioni?"

"Nzuri," akasema wifi, na mimi nikamfinya.

"Mtoto anaendeleaje?"

Wifi akafungua mdomo. Akatazama kule pembeni ya ukuta. Midomo ilimcheza, neno halikutoka. Nikasema moyoni basi nachukua mimi, mimi simwogopi mtu, nikainama kwenye ile simu, na mimi pia nikaishia hapo. Nilikuwa nimeona vidole vya miguu ya mtoto pale chini ya cherehani, vimekunjwa, vinasikiliza. Nilijua hilo neno likitoka kwangu litampata yeye kwanza kabla halijafika kliniki.

"Haloo? Mama, mnanisikia? Mtoto anaendeleaje?"

Majora yakasogea. Kasuku akainuka, nyuzi zimemganda kwenye gauni, akaja mpaka mezani bila kumtazama yeyote. Akaichukua simu kwa mikono miwili. Tukamsikia akipumua ndani yake, na nadhani Miwani naye alimsikia, kwa sababu sauti yake ikabadilika.

"Ni mwenyewe? Hujambo, mwanangu?"

"Hapana," akasema Kasuku.

Nimeishi miaka mingi na nimesalimiana na watu wa kila namna, wafiwa, wafungwa waliotoka jela, mwanamke aliyekuwa na uchungu wa kuzaa. Sijawahi kumsikia mtu akijibu hivyo. Nikangoja simu ikatwe.

"Nakusikia," akasema Miwani. "Sikati. Niambie, tangu lini?"

Kasuku akafikiri. Sauti yake ilikuwa kavu kwa kukaa bila kutumika. "Tangu zamani," akasema. "Tangu zamani sana."

Mimi nilikuwa namuuliza kila asubuhi. Naketi kwenye cherehani, natia uzi, namwambia hujambo Kasuku, naye ananiambia sijambo shangazi, shikamoo. Miezi na miezi, kabla hajanyamaza, asubuhi hata moja hakuikosea.

Miwani aliongea naye kwa muda, mambo madogo madogo, anapenda kukaa wapi, usiku anaogopa nini. Mengine Kasuku alijibu, mengine alitikisa kichwa tu na mama yake akamsemea, mpaka lile alilomwambia siku ile. Mwisho tukaambiwa tuje Jumatano hiihii, mapema, tusipite dirishani, tugonge mlango wa daktari moja kwa moja. Na wifi akaambiwa kwamba mtoto akisema tena lile la kutaka kusikuche, tusingoje Jumatano wala simu ya mtu, tuje saa hiyohiyo. Wifi akaketi sakafuni palepale na simu kifuani, akalia kwa sauti, akashukuru, akalia.

Kasuku alianza kurudi pembeni kwake. Alipofika kwangu akasimama. Alikuwa anatazama ule ufunguo shingoni mwangu, si uso wangu.

"Shangazi, samahani," akasema.

"Ya nini?"

"Sikujibu vizuri."

Nilimshika mabega nikamsimamisha mbele ya cherehani, mahali palepale nilipomsimamisha akiwa na miaka mitano. Alikuwa mwepesi, mifupa yote naisikia viganjani.

"Hujambo, Kasuku?" nikamuuliza.

Akanitazama kuona kama namtega. Nikangoja.

"Hapana," akasema.

"Ndiyo hivyo hivyo," nikamwambia. "Tena."